Kibodi Mliyonishauri Ninunue, na Mama Mkwe Wangu

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Vifaa.

YAH: KUNYANG'ANYWA KITI, MEZA NA CHEO KWA SABABU YA MAKALA YENU

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umeketi. Nataja kuketi kwa makusudi, maana mimi nakuandikia nikiwa nimesimama kwenye meza ya kupigia pasi, na sababu ya kusimama kwangu ni ninyi.

Mimi ni mfasiri wa maelekezo. Vile vikaratasi vilivyokunjwakunjwa ndani ya boksi la birika la umeme au pampu ya maji, ambavyo watu huvitupa kabla ya kuvisoma, kuna mtu ameviandika kwa jasho lake. Mtu huyo ni mimi. Nafanyia kazi nyumbani, kwenye pembe ya sebule kati ya dirisha na kabati la vyombo. Kibodi yangu ya zamani ilikuwa bapa kama kigae, na herufi S yake ilikuwa na hiari: ikipenda inatoka, isipopenda haitoki. Siku moja niliandika "Usifungue mashine ikiwa ya moto." S ikasusa. Kikatoka "Uifungue mashine ikiwa ya moto." Bosi wangu aliliona kosa kabla kikaratasi hakijachapwa, akanipigia simu kuuliza kama nina ugomvi wa siri na wateja wake.

Ndipo nikasoma makala ya mwandishi wenu anayejiita Fundi Vitufe, kuhusu namna ya kuchagua kibodi ya kimekanika ya bei nafuu, inayofaa michezo na uandishi wa kila siku. Nilimfuata kama mgonjwa anavyomfuata daktari. Alisema tusihadaike na taa za rangi rangi, tutazame swichi iliyo chini ya kila kitufe: nyekundu ni laini na kimya, kahawia iko katikati, buluu ina mlio. Alisema mwenye meza ndogo achukue ile fupi, isiyo na safu ya namba upande wa kulia. Alisema tuchague yenye swichi zinazochomoka, ili moja ikifa isizikwe na ukoo mzima. Yote nikatii. Nikachukua ya buluu, kwa kuwa aliandika kwamba mlio wake humridhisha mwandishi. Hakuandika kwamba huwaita na wasiohusika.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. MLIO. Wakati kibodi inaingia nyumbani kwangu, mama mkwe alikuwa mgeni wetu. Alikuja kutibiwa goti, kwa kuwa kwetu ni karibu na hospitali. Naomba uelewe uhusiano wetu ulivyokuwa. Tangu nimwoe binti yake, mimi na Mama tulikuwa na mazungumzo mawili tu: "Shikamoo Mama" na "Marahaba mkwe." Baada ya hapo tulikuwa tunatazama televisheni, hata kama imezimwa. Nikiingia anajikusanya, akiingia natafuta kitu cha kwenda kufanya jikoni. Ilikuwa heshima safi, haina doa, na haikumchosha mtu.

Basi asubuhi ile nikafungua boksi, nikachomeka waya, nikaanza kuandika maelekezo ya pasi ya mvuke. Ta-ka-ta-ka-ta. Mlango wa chumba cha wageni ukafunguka. Mama akaja mpaka nyuma ya kiti changu, na goti lake bovu hivyo hivyo.

"Mkwe," akasema, "hiyo umeitoa wapi?"

Nikamwambia dukani.

"Nilidhani nimeota niko kazini."

Hapo ndipo nilipojua, baada ya miaka yote ya ndoa, kwamba mama mkwe wangu alistaafu akiwa karani mpiga chapa wa idara ya ardhi, na kwamba taipureta yake aliiacha ofisini huku akiigeukia njia nzima mpaka getini. Akaomba aijaribu kidogo. Mimi nimelelewa vizuri, Ndugu Mhariri. Nikainuka kumpisha mkubwa.

Sijakaa tena.

2. LUGHA. Wewe ni mtu wa maneno, nakuomba uniambie: mtu humwambiaje mama mkwe wake kwamba arudishe kiti? Nimetafuta kamusi nzima. Nilijaribu kukohoa, akaniletea maji. Nilijaribu kusimama karibu huku nikitazama saa, akaniuliza kama nina miadi. Nikamtuma mke wangu, mwanawe wa kumzaa, amwambie kwa upole. Akaenda, akakuta mama yake ananyoosha vidole na kutabasamu peke yake, akarudi kwangu na jibu hili: "Mume wangu, tafuta kiti kingine." Ndiyo maana niko kwenye meza ya pasi, na ile kibodi yangu ya kigae.

3. KAZI. Utasema, si angalau anakusaidia? Hilo ndilo balaa lenyewe. Zamani nilikuwa namwambia bosi kwamba maelekezo ya jokofu ni kazi nzito, yanataka utulivu, nikapata nafasi ya kulala kidogo baada ya chakula. Sasa natafsiri kwa mkono, Mama anachapa bila kutazama vitufe huku akiniuliza habari za wazazi wangu, na kabla chai haijapoa kazi imekwisha. Bosi ameonja, anatuma nyingine. Usingizi wangu wa mchana umefariki, na hakuna aliyenipa pole.

Isitoshe, Mama hawezi kumwamrisha mtu asiyemjua. Kila ninapoandika "Usiguse waya huu," yeye anachapa "Tafadhali usiguse waya huu." Kwenye maelekezo ya hita ya maji, pale niliposema wazi kwamba mtumiaji asipozima swichi atapigwa na umeme, aliongeza kwa hiari yake: "Ikitokea, pole sana, na usiwe peke yako nyumbani." Nilijua nimefukuzwa kazi. Badala yake wenye kiwanda wakaandika kwamba kwa mara ya kwanza wateja wanapiga simu kushukuru kikaratasi. Sasa wanataka vyote viwe hivyo. Mimi niliyeyasomea maelekezo, nikafundishwa kwamba maelekezo hayana huruma, nimeagizwa niwe na huruma.

4. MICHEZO. Fundi Vitufe aliandika kwamba kibodi hii "inafaa michezo." Inamfaa nani? Alipaswa kufafanua.

Jioni huwa nacheza na wenzangu mtandaoni mchezo wa kulinda ngome. Ni watu wazima, wana kazi zao: mmoja fundi wa lifti, mmoja muuguzi, mmoja tunamwita Kobe kwa sababu intaneti yake ni ya kobe. Nilikuwa kiongozi wao. Jioni moja nilipewa kiti changu kwa muda, kwa sababu Mama alikuwa anakula. Nikawa nimejibanza nyuma ya ukuta wa ngome, najipanga. Nikasikia sauti juu ya bega langu:

"Mkwe, mbona umejificha? Wenzako wanakwisha."

Nikamweleza kwamba ule ni mkakati.

"Huo ni woga," akasema. "Hebu sogea."

Ndugu Mhariri, mtu aliyechapa hati za viwanja maisha yake yote haangalii vidole. Macho yake yote yako kwa adui. Adui hakuamini. Na mimi sikuamini. Siku hizi nikiingia mchezoni kundi haliniulizi hali. Linauliza, "Mama Radi yupo?" Nimeshushwa cheo. Sasa mimi ndiye mbeba dawa: nacheza kwa kompyuta ya mke wangu, nakimbia nyuma ya mama mkwe na mkoba wa bandeji.

Amepiga marufuku matusi. Amewafundisha wale watu kuamkia kabla ya kushambulia. Mapigano yanaanza, wote wanasema "Shikamoo Mama," naye anamwitikia kila mmoja kwa jina lake, na adui anatumia nafasi hiyo kutuvunjia lango. Halafu analijenga upya peke yake, haraka kuliko lilivyovunjwa.

5. ADABU. Hili naliandika kwa aibu. Juzi mke wangu aliingia sebuleni na sinia la vikombe, akanikuta nampigia kelele mama yake mzazi: "Ruka, Mama! Ruka! Huyo hapo nyuma yako!" Naye Mama ananijibu, "Nipe dawa wewe, acha kubwabwaja!" Mke wangu aliweka sinia chini taratibu. Mimi siwezi kupita mbele ya mwanamke yule bila kuinama, nami nilikuwa namwamrisha aruke. Nilitaka kuomba radhi. Mama hakunipa nafasi, alikuwa amesharuka.

Tumefika mahali tunaongea hata kibodi ikiwa imezimwa. Jana mchana aliniambia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa anakuja kumsubiri nje ya ofisi ya ardhi, akijua amemaliza kazi pale mlio unapokoma dirishani. Nami nikamweleza jambo kuhusu baba yangu ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nakuuliza, hii ni sawa? Mtu na mama mkwe wake, wamekaa, wanamenya maharage mabichi, wanaongea kama marafiki? Ukwe utabaki na nini?

6. MALI. Kwa kuwa vitufe vinabanduka, sawa na zile swichi mlizoshauri, Mama amekibandua kile cha pembeni juu, cha kutokea mchezoni. Nilimuuliza kitufe kina kosa gani. Akasema ni kitufe cha waoga, na katika kundi lake hakuna anayetoroka. Akakitia kwenye kikopo cha vifungo vya nguo. Sasa tukiingia mchezoni, tumeingia.

7. GOTI. Daktari amesema limepona. Alisema mbele yangu. Nilitarajia Mama ashukuru, afungashe. Akamtazama daktari kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akijifunza kuhesabu, akasema bado kidogo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye Mama anakaa kwake siku zote, amepiga simu mara kadhaa. Mara ya mwisho aliomba kuzungumza na mimi. "Shemeji," akasema, "umempa nini mama yetu? Kwangu anakaa kimya mpaka nasahau kama yupo. Huko nasikia anapiga vigelegele." Ningesema nini? Ningesema gazeti?

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kwa heshima na unyenyekevu, naomba mambo yafuatayo.

Kwanza, mtoe onyo katika ukurasa wenu, kwa herufi zinazoonekana, kwamba kibodi yenye swichi za buluu isifunguliwe karibu na mstaafu yeyote wa fani ya uchapaji, hasa akiwa mkwe.

Pili, Fundi Vitufe mwenyewe aje nyumbani kwangu, amwambie Mama kwamba kiti ni changu. Nitampa chai. Nitasimama jikoni nikisikiliza.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Mwandike makala nyingine tamu kuliko ile, iliyolengwa kwa watu wa umri wa shemeji yangu, wenye mama wakimya nyumbani. Wasifieni kibodi kubwa, nzito, yenye mlio unaosikika mpaka kwa jirani. Mshawishini anunue. Akiinunua, Mama atarudi kwake kwa hiari, bila mimi kutamka neno, na nyumba yangu itarejea kwenye heshima yake ya zamani: "Shikamoo Mama," "Marahaba mkwe," na televisheni iliyozimwa.

Nawasalimu wote hapo ofisini: wapiga picha, wasahihishaji, dereva, na yule dada wa mapokezi aliyenisikiliza kwa simu wiki jana mpaka mwisho bila kucheka, ingawa nilimsikia akimwita mwenzake aje asikilize. Mke wangu anawasalimu. Kundi la ngome linawasalimu. Mama pia anawasalimu. Anadhani nawaandikia kuwashukuru.

Ni mimi msomaji wenu mwaminifu, niliyesimama,

Mfasiri wa Maelekezo

NYONGEZA: Tafadhali futeni ombi la tatu. Futeni na la pili. Kwa kweli futeni yote, kuanzia "Ndugu Mhariri."

Kabla sijaipeleka barua hii posta, shemeji amefika asubuhi na gari, na boksi chini ya kwapa. Kumbe naye husoma ukurasa wenu. Amenunua kibodi ya chuma, ndefu, ina namba zote upande wa kulia. Mama akaibonyeza mara moja, akafumba macho, akasema, "Hii ndiyo ya ofisi kuu." Kisha akaenda kukunja nguo zake. Mke wangu yuko bafuni, ameacha maji yanamwagika ili tusimsikie. Muuguzi na fundi wa lifti wameandika kuuliza kama ni kweli, na Kobe, ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati, alikuwa wa kwanza.

Nataka kujua jambo moja tu, na nijibiwe kwa simu, leo, si gazetini: kuna kibodi gani ya bei nafuu yenye mlio mzito kuliko ile ya shemeji? Rangi yoyote. Nitachukua mbili, zikae meza moja.

Msishangae mwandiko wangu. Naandika hapa kwa mkono, karatasi ikiwa pajani. Nimekalia sanduku la Mama, hapa mlangoni, na sina mpango wa kuinuka. Shemeji anapiga honi. Mama amesimama mbele yangu, amevaa viatu, anacheka mpaka anajishika ukuta. Fanyeni haraka.