Mjane Arudishiwe Nyumba Kabla ya Jumapili

Itauguá, 3 Septemba

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Tamthilia,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na mwenye subira kwa mtu usiyemjua. Mimi ni dada mkubwa wa Wilfrido Insaurralde, anayeigiza Don Leandro, yule tajiri aliyemfukuza mjane Casilda nyumbani kwake huku mvua ikinyesha. Nimesomea falsafa, hivyo ninajua kumtofautisha mtu na mhusika. Angalau nadhani ninajua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa miaka tisa mdogo wangu alikuwa mchekeshaji wa jukwaani, na mtaji wake ulikuwa mama yetu, Bi Porfiria, au Ña Porfiria kama mtaa unavyomwita: anavyokoroma, anavyomwomba kuku radhi kabla ya kumchinja. Mama alikaa safu ya mbele akiwapiga majirani viwiko: "Huyo ni mimi! Ngojeni, sasa anakuja kwenye meno!" Hatukulalamika.

2. Kisha akaanzisha podikasti. Kila wiki, kwa saa mbili nzima, nchi ilisimuliwa siri za ukoo, ikiwemo kwamba nilimrudishia mchumba wangu barua yake ya mapenzi ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu. Ni kweli, na nikiri inachekesha. Mama alipika huku akiijibu simu iliyokuwa ikimsimulia: "Mwongo wee! Mbuzi walikuwa wawili!" Tukastahimili.

3. Ndipo ninyi mkambandika sharubu za Don Leandro. Tangu mjane afukuzwe, mama amemfungia mwanawe mlango. Nilimweleza kuwa ni maigizo tu. Akanijibu: "Najua ni maigizo, mwanangu, akili ninazo. Lakini nani alimtuma aigize vizuri hivyo?" Nimelitafakari jibu hilo wiki tatu, na bado sijaona pa kulivunjia.

4. Sokoni, muuza mikate ya chipa amegoma kumuuzia mama. "Ña Porfiria, nakupenda, lakini mkate wangu hauingii nyumba iliyomzaa Leandro!" Mama hakukasirika. Alimkumbatia, wakalia pamoja mbele ya wateja.

5. Jumapili ijayo mama anatimiza miaka themanini. Wilfrido ameomba kuja. Mama amesema kiti chake atakikalia mjane. Nikamwambia mjane huyo ni mwigizaji, mwenye nyumba yake na mume wake. Akapiga makofi: "Kumbe ameolewa tena! Mungu mkubwa. Basi waje wote wawili."

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu kwamba, kabla ya Jumapili, Leandro amrudishie Casilda nyumba. Kama muda hautoshi, apigwe na radi kidogo, ya kumtubisha tu. Kama radi ina gharama, aingie utawa. Na kama hata utawa ni mzito, Casilda mwenyewe aitazame kamera na aseme, kwa sauti inayosikika hadi Itauguá, "Ña Porfiria, mimi nimemsamehe; msamehe na wewe."

Naona maombi yangu yanakua kadiri ninavyoandika, na sina hakika kama hiyo ni dalili ya haki au ya homa. Lakini mama hatimizi miaka themanini mara mbili. Na jana mdogo wangu alinipigia simu akilia, bila mzaha hata mmoja, jambo ambalo halijatokea tangu abatizwe.

Nisalimie waandishi wako, mafundi wa taa, na mkono wowote unaozibandika zile sharubu.

Wako kwa heshima, na kwa mashaka kiasi,

Eudosia Insaurralde

Tanbihi: Kabla ya kuifunga bahasha nimetazama sehemu ya leo. Ameuza ng'ombe wa mjane! Na akatabasamu! Tafadhali usitekeleze lolote nililokuomba. Aadhibiwe polepole, sehemu kwa sehemu. Wilfrido yuko nje sasa hivi na keki mkononi, anasema, "Dada, fungua bwana, ni mimi." Mama ameuegemea mlango kwa mgongo. Naweka kalamu chini. Nakwenda kumsaidia kuegemea.