Tiketi Tatu za Besiboli

Jumanne, 9 Aprili

Sesilia kapiga simu. Binti yangu wa pekee! Timu mbili za Kimarekani, mahasimu wa jadi, zinakuja London kucheza besiboli. Msimu ndio kwanza umeanza. Yeye ni shabiki wa mojawapo, Wekundu, tangu alipokwenda kusoma Marekani mwaka mmoja. Akauliza kama nitapenda kwenda. Nikamwambia besiboli ndiyo yangu, nilicheza sekondari Bukoba, nikafundishwa na mwalimu Mmarekani. Uongo mtupu. Akapiga kelele ya furaha. Miaka sita sijaisikia kelele ile.

Halafu akasema tiketi ni tatu. Ya tatu ni ya Protas.

Protas! Mume wa sasa wa mama yake. Mhaya mwenzangu, tulikuwa tukikaa chumba kimoja hapahapa London, Kilburn. Alinichukulia mke. Sasa anamalizia na mtoto.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimesoma sheria za besiboli kazini, katikati ya kusukuma vitanda vya wagonjwa. Hazieleweki. Mtu anapiga mpira, anakimbia mzunguko mzima, anarudi palepale alipoanzia, watu wanashangilia. Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote. Hajanishangilia mtu.

Mpango umeiva. Nimemwandikia Protas kwamba mechi imesogezwa, si saa saba tena, ni saa kumi. Akajibu: asante kaka, Mungu akubariki. Bwege.

Jumamosi, 13 Aprili

Uwanjani, Stratford. Sesilia kavaa jezi nyekundu. Mimi nimenunua kofia mpya, ya buluu. Nilidhani kofia ni kofia. Kumbe nimevaa ya maadui!

Kiti cha tatu kitupu. Akampigia Protas, simu imezimwa. Nikasema huyo ndivyo alivyo, hajali. Akasema Protas hachelewi kamwe, tena ana presha. Akaniuliza kilichotokea uwanjani. Nikamwambia ile ni kona. Akasema besiboli haina kona. Kisha akaenda getini kumngoja.

Saa nzima ikapita, kisha ya pili. Mara mpira ukapaa hadi jukwaani, ukanigonga bega, ukatua mapajani. Nikaudaka! Watu wakanipigia makofi. Skrini kubwa ikanionyesha uwanja mzima: mzee mwenye kofia ya buluu, kiti kitupu kulia, kiti kitupu kushoto.

Saa tisa na nusu wakaja wote wawili. Protas alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, ndiyo maana alizima simu. Kawahi, kwa hesabu ya ile saa kumi yangu. Kaniletea na senene, wale panzi wa kwetu wa kukaanga, kwenye kopo. Sesilia alikuwa ameshika simu ya Protas, ujumbe wangu uko wazi.

Hakugomba. Alisema kwa Kiingereza, kama afanyavyo akiumia: "Baba, nilinunua tatu kwa makusudi. Nilitaka siku moja tu niwaone mmekaa pamoja."

Akakaa upande wa pili wa Protas. Wekundu wakafungwa. Nikampa ule mpira. Akasema nibaki nao mwenyewe.

Jumapili, 14 Aprili

Nimemwandikia Sesilia mara tatu. Kimya. Aliyeandika ni Protas: kaka, yameisha, tusiwekeane kinyongo. Hakuna tusi kubwa kama msamaha wa mtu yule.

Nimekula senene zake. Tamu. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatano, 17 Aprili

Sesilia kapiga! Machozi yalinitoka, nikasingizia mafua. Akasema niende kwake Croydon Jumapili, nile, nizungumze, basi. Hataki niwe bingwa wa chochote. Anataka baba. Nikasema sawa mwanangu, nimekuelewa. Na nilikuwa nimemwelewa kweli, kwa muda wa dakika nzima.

Halafu akasema Protas anamfundisha kuendesha gari.

Nikamwambia aache mara moja! Mimi nimeendesha malori ya kahawa miaka minne, Muleba hadi Mwanza, usiku na mvua, sikuwahi kukwaruza hata kioo. Nitamfundisha mimi.

Akaaga haraka, akakata simu. Bila shaka amestaajabu.

Kesho naulizia leseni hupatikanaje kwa mtu asiyewahi kushika usukani.