Mashine Namba Saba na Swichi Kuu

Jumatatu, 14 Julai

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Mwaka jana niliposimama mbele ya Mwalimu Nyamweya na kuomba kazi ya kuzima swichi kuu ya chumba cha kompyuta kila jioni, haikuwa kwa ajili ya nidhamu. Alinisifu mbele ya shule nzima. Alisema wanafunzi wote wangekuwa kama Lynnet, bili ya stima isingemnyima usingizi. Nilitazama viatu vyangu. Ukweli ni kwamba anayezima swichi hukaa na ufunguo, na anayekaa na ufunguo hubaki peke yake na mashine namba saba kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili kasorobo. Kuongea na watu siwezi. Na mashine tunaelewana.

Ninaandika kiendeshi cha diski ya RAM. Nieleze hapa, maana hakuna mwingine anayeuliza. Kompyuta zetu ni za msaada, kuukuu, na diski zake zinakoroma. Mfumo pekee unaokubali kuziendesha unaitwa Heron. Umeandikwa na watu wa kujitolea na yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuurekebisha. Programu yangu inachukua sehemu ya RAM, yaani kumbukumbu ya mashine inayoishi stima ikiwepo tu, na kuudanganya mfumo kwamba hiyo nayo ni diski. Kasi yake ni ya ajabu. Ubaya ni mmoja: ni kama kuandika ubaoni. Ukizima mashine, dasta imepita.

Leo imekubali faili ya kwanza. Nilizunguka chumba mara nne. Siwezi kutulia. Nikazima swichi kuu, nikafunga mlango.

Jumanne, 15 Julai

Ingrid amejibu. Ni mmoja wa wasimamizi wa Heron, sijui anaishi nchi gani. Mistari miwili. Anasema kazi ni safi, ila niongeze onyo kwa watumiaji kwamba vilivyomo hupotea mashine ikizimwa.

Niliandika onyo kwa dakika arobaini. Herufi kubwa. Nikalituma. Ingrid akajibu kwamba hajasoma onyo zuri kama hilo mwaka huu. Nimelinakili nyuma ya daftari la hesabu.

Kosa: nilimwonyesha onyo hilo Bonface, mwenyekiti wa chama cha kompyuta, Form Three kama mimi lakini anatembea kama mkaguzi wa shule. Alisoma, akawageukia wenzake, akauliza kama ni kweli nimetumia muhula mzima kutengeneza diski inayosahau. Akasema nyanya yake wa kijijini Masara pia anasahau na hakuna aliyewahi kumwita uvumbuzi. Walicheka hadi kengele ikalia.

Jibu zuri sana lilinijia saa kumi na dakika ishirini, nikiwa peke yangu. Nahitaji ushahidi. Kitu halisi, chenye uzito, kinachokimbia ndani ya diski yangu mbele ya macho yake.

Jumatano, 16 Julai

Nimekipata. Kimo nyumbani kwetu.

Dada yangu Leonida yuko Form Four. Mradi wake wa mtihani wa kompyuta ni programu ya kuwapangia wanawake wa Kendu Bay nyavu za kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani: majina mia moja na arobaini, nani yuko wavu gani, siku gani. Aliyakusanya mwenyewe likizo ya Aprili, akalala huko kwa Aunty Truphena majuma mawili. Mwalimu Nyamweya anautaka Jumanne tarehe 22, saa mbili kamili asubuhi. Baada ya hapo ni sifuri. Na Leonida anataka kusomea kompyuta chuo kikuu, hataki kitu kingine, ameshachagua hata rangi ya begi.

Anatumia mashine namba saba. Akitafuta jina moja, anaweza kunywa uji kikombe kizima kabla halijatokea. Leo alipiga meza kwa kiganja akasema mashine hii imetumwa kumwangusha.

Nilingoja aende. Nikahamisha mradi wote kwenye diski yangu. Nakala ya zamani nikaifuta, kwa sababu nimesoma kwamba kitu kimoja kikikaa mahali pawili mwishowe huwa vitu viwili. Nikajaribu kutafuta jina. Kabla sijainua kidole, limetokea! Nilicheka peke yangu. Kesho Leonida ataona, Bonface ataona, nami nitasimama kando nikiangalia dirishani kana kwamba si mimi.

Nilipanga viti, nikakagua madirisha, nikazima swichi kuu, nikafunga mlango. Nimekuja nyumbani nikiimba.

Baadaye, sufuria mkononi: nimezima swichi kuu.

Alhamisi, 17 Julai

Nilimwambia asubuhi, njiani. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

Aliuliza tu kama kitu hicho hakikuwa na onyo lolote. Nikasema kilikuwa nalo, zuri sana. Akauliza nani aliliandika. Nikatazama viatu.

Nakala nyingine hakuna. Flash zimepigwa marufuku shuleni tangu virusi vya mwaka jana. Lipo daftari alilokusanyia majina, lilibaki Kendu Bay. Jioni tulimpigia Aunty Truphena kwa simu ya Mama. Alifurahi sana kutusikia. Akasema ndiyo, lile daftari anakumbuka, karatasi yake ilikuwa ngumu na haikupenyeza mafuta. Amefungia wateja omena kwa kurasa zake mpaka limekwisha.

Leonida alimrudishia Mama simu, akaenda nyuma ya tangi la maji. Nilimfuata na leso. Akaniambia niende mahali popote ambapo yeye hayupo.

Nimebaki na siku tano. Nimekula nusu ya kalamu.

Ijumaa, 18 Julai

Kumbe nakala ipo. Leonida amekumbuka kwamba mwezi wa tano alimpa mtu mradi wake amjaribie. Mtu huyo aliiweka kwenye flash, na flash huificha ndani ya soksi, marufuku au hakuna marufuku. Mtu huyo ni Bonface.

Nilipendekeza Leonida aende kumwomba. Leonida alipendekeza niende mimi, kwa sauti ambayo haikuwa ya kupendekeza.

Bonface alikuwa na chama kizima. Alinisikiliza kichwa kikiwa upande. Akasema atatoa kwa moyo mkunjufu, ila sharti niseme, wote wasikie, kwamba diski yake inakumbuka. Niliviambia viatu vyangu. Akasema viatu vimesikia, bado watu. Nikasema tena. Mmoja akapiga makofi.

Aliinama, akatoa flash kutoka kwenye soksi. Ilikuwa na joto.

Majina yaliyomo ni themanini na manane. Yanakosekana hamsini na mawili. Leonida amekata shauri: yeye atatengeneza upya kurasa zilizopotea, mimi nitakwenda Kendu Bay kuwatafuta hao hamsini na wawili. Nikamkumbusha kwamba mimi siwezi kuongea na watu. Akasema anajua.

Jumamosi, 19 Julai

Nimefika Kendu Bay saa nne. Wanawake walikuwa kwenye nyavu, omena imetandazwa mpaka karibu na maji, inametameta.

Nilikuwa nimeandika hotuba fupi. Sikuitumia. Aunty Truphena alinishika mkono, akanisimamisha katikati, akatangaza kwamba huyu ndiye mtoto aliyewafuta.

Mama mmoja, Jedidah, akauliza amekuwa marehemu tangu siku gani. Nikasema Jumatano jioni. Akawaambia wenzake kumbe ndiyo maana goti limeacha kumuuma. Mwingine, Phelesia, akasema safari ile aliandikwa wa mwisho, na kama Mungu amefuta orodha basi ni kwa sababu yake, leo aandikwe wa kwanza. Watatu wakakataa. Walibishana nusu saa nani alianza kuanika pale. Nilishika kalamu juu hewani.

Wakaniita nyar Migori, binti wa Migori, kwa kuwa ndiko tunakoishi, tangu saa nne hadi saa kumi. Nyar Migori, soma jina langu nisikie. Nyar Migori, hilo si langu, ni la mke mwenzangu, unataka kutugombanisha? Kila mmoja alitaka asomewe, apate hakika amerudi. Nikasoma. Kwa sauti. Mara hamsini na mbili. Mama Jedidah alinishika kidevu akasema, nyathina, mtoto wangu, inua uso, majina hayako kwenye viatu.

Nilipoondoka, Aunty alinipa omena. Ilifungwa kwa ukurasa mmoja wa daftari la Leonida uliokuwa umejificha kapuni, majina saba juu yake, mwandiko wake kabisa. Nilimpelekea hivyo hivyo. Aliunusa. Akacheka kidogo puani, cheko la kwanza tangu Alhamisi.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya kanisa tulifungua chumba cha kompyuta kwa ruhusa ya Mwalimu. Leonida aliingiza majina, mimi nikamsomea. Saa tisa wote mia moja na arobaini walikuwa ndani. Ameuweka mradi kwenye flash ya Bonface, na flash ameivaa shingoni kwa uzi, ndani ya blauzi. Sina ruhusa ya kuikaribia.

Imebaki kazi moja: mwongozo wa mtumiaji, kurasa kumi na nne, lazima uambatane na mradi. Bila mwongozo, mradi haupokelewi. Wa kwanza ulikwenda na yale mengine Jumatano, na Bonface hakuwa nao. Leonida hana nguvu tena. Macho yamekuwa mekundu. Akasema nitauandika mimi, wote, na Mwalimu atauchapisha Jumanne saa moja na nusu asubuhi. Akauliza kama anaweza kunitegemea. Nikasema ndiyo. Niliinua uso kabisa.

Nilifikiri sana jioni hii. Kosa langu nimelielewa. Nilikuwa na nakala moja.

Jumatatu, 21 Julai

Siku njema kuliko zote za muhula huu.

Nilitoroka michezo nikaboresha kiendeshi. Sasa hakitengenezi diski moja ya RAM, kinatengeneza mbili, A na B. Kila kinachoandikwa A kinanakiliwa B papo hapo, bila mtumiaji kujisumbua. Mistari thelathini na sita tu. Nimeituma kwa Ingrid.

Kisha nikaandika mwongozo, kurasa kumi na nne, moja kwa moja ndani ya A. Diski ya kawaida ingenichelewesha. Nimeeleza kila kitufe. Ukurasa wa tisa nina hakika ni mzuri, nimemweka Mama Jedidah kama mfano.

Leonida alichungulia saa kumi na moja. Akauliza nimemaliza? Nimemaliza. Nimehifadhi? Nikamwambia mara mbili, mahali pawili tofauti. Alinitazama kwa muda mrefu, akanigusa kichwa, akaenda nyumbani kulala. Hajalala vizuri tangu Alhamisi.

Bonface naye akapita. Akauliza, kwa sauti yake ile, kama diski yangu leo inakumbuka. Nikamjibu kwa utulivu kwamba ninazo mbili. Alikuna kichwa tu, akaenda zake. Nimengoja siku hiyo muhula mzima.

Kabla sijaondoka, Ingrid alijibu. Mstari mmoja. Anauliza diski B inakaa wapi hasa. Nadhani hajasoma maelezo yangu vizuri. Nitamjibu kesho, baada ya Leonida kukabidhi mradi.

Nilipanga viti. Nilikagua madirisha yote manne. Nilizima swichi kuu, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani.