Kichwa cha Mkurugenzi na Tangi la Akiba

Kwa furaha isiyo na kifani, Mkurugenzi Orville Gunderson alitangaza kwamba Maabara ya Bonde la Misonobari, iliyokuwa ikijengwa ndani ya mgodi wa dhahabu uliokufa huko Dakota Kusini, itakuwa mahali safi kuliko pote duniani. Humo gesi ya zenoni itapozwa hadi iwe kimiminika, itasafishwa na kuhifadhiwa. Mkurugenzi naye atahifadhiwa humo humo: kichwa chake cha jiwe la graniti, kikubwa kuliko jokofu.

"Katika milima hii yetu iliyochongwa nyuso za marais," alisema, "kiongozi asiyechongwa ni mpangaji tu."

Taimi Koskela, mhandisi aliyeisanifu maabara, alitazama mchoro wake. Kichwa kilikuwa kimekalia palepale pa tangi la akiba, la kupokea zenoni inaporudi kuwa gesi.

"Mkuu, umeme ukikatika zenoni itachemka. Bila tangi hilo itafumua vali ipae zake. Tumeikusanya kwa miaka, chupa kwa chupa!"

"Dada Taimi," alisema Prewitt, katibu wa Kamati ya Usafi, "suala la umeme tumelijadili. Kamati imeazimia usikatike."

"Na umeme umearifiwa?"

"Umepelekewa nakala."

Kamati ikachapa kazi. Ikapitisha Agizo la Usafi: chochote chenye mionzi, hata kiduchu, kitolewe nje ya lango papo hapo, bila rufaa wala kujali cheo. Mkurugenzi akatia saini kwa mbwembwe, kalamu ikakwaruza meza. Ndizi ya Taimi ndiyo iliyokamatwa kwanza, maana ndizi nazo zina mionzi yake. Fundi wa mabomba alinyolewa ndevu kwa tuhuma tu. Taimi hakulalamika. Aliomba kitu kimoja: ukaguzi ufanywe haraka.

Siku ilipofika, kipimo cha mionzi kilipitishwa kwenye mabomba, kikanyamaza. Kikapitishwa kwenye mitungi, kimya. Kilipofika kwenye kidevu cha graniti kikaanza kutatarika kama bisi kwenye sufuria.

"Kibovu hicho!" Mkurugenzi alifoka.

"Kizima, mkuu," alisema Taimi. "Graniti hutoa radoni, gesi yenye mionzi. Ikiingia kwenye zenoni, tutakuwa tunachafua kwa bidii."

"Basi kifunikeni na turubai!"

"Agizo halitambui turubai," Prewitt alisema, akitetemeka kwa utiifu.

"Pumbavu! Agizo la nani hilo?"

"Lako, mkuu."

Kichwa kikatolewa kwa heshima zote, kikawekwa nyikani nje ya lango. Tangi la akiba likaingia siku hiyo hiyo, na Taimi akakaza boliti ya mwisho mwenyewe, huku akiimba.

Nyati wa nyika ile, wasio na mti wa kujikunia, walikipokea kichwa vizuri sana. Dume moja lilianza na pua ya graniti, likafumba macho kwa raha. Nyuma yake foleni ikajipanga.

"Wafukuzeni!" Mkurugenzi alipiga kelele langoni.

Prewitt alifungua kitabu cha sheria, akasoma, akakifunga taratibu.

"Haiwezekani, mkuu. Nyati analindwa na serikali. Wewe, kwa sasa, ni jiwe tu."