Malkia na Godoro la Mahameli

Jumatatu, 4 Machi
Malkia, nyoka ninayemfuga, wa aina iitwayo nyoka wa mahindi, amejivua gamba, na tumbo limemjaa. Mayai hayako mbali. Hana sumu, ni mpole kuliko ndugu zangu wote. Shemeji kinyozi, kaka wa mke wangu, nyoka wake alitaga mwaka jana na hatujapumua kwa majigambo yake. Safari hii atanikoma. Eti anasema kinachotakiwa ili nyoka atage ni ndoo yenye tundu na makumbi ya nazi yaliyoloweshwa yakakamuliwa. Ndoo! Mimi fundi cherehani. Nitamshonea godoro la mahameli.

Jumatano, 6 Machi
Sanduku tayari. Mahameli nyekundu, mto mdogo, taa, na kidirisha cha kumchungulia. Malkia akaingia, akazunguka, akatoka. Nikamrudisha. Akatoka tena. Mke wangu, aliyeapa kutomgusa nyoka huyo hata kwa fimbo, akauliza kutoka mlangoni kama huo mto ni wa nyoka au wangu. Nikamrudisha Malkia ndani.

Ijumaa, 8 Machi
Mambo yameharibika. Malkia hatulii. Nimemchungulia kutwa nzima kumtia moyo. Mchana nikamkuta amejikunja ndani ya bakuli lake la maji. Nikampigia shemeji, nikajifanya naulizia rafiki. Akasema huyo rafiki aondoe bakuli upesi, maana mayai yakitagwa majini yanakufa. Na mama akikosa pahali penye giza na unyevunyevu, mayai yanaweza kumkwama akafa naye. Nimekaa sakafuni nikalia. Nampenda nyoka yule, jamani.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeamka, sanduku halipo. Mke wangu, kumbe aliisikia simu yote, ametoboa kifuniko cha ndoo yake ya unga, akajaza makumbi yenye unyevu, akamwingiza Malkia kwa mikono yake mwenyewe, akafunika yote kwa shuka. Kasema mzazi hachunguliwi, na nikisogea nitahamia kwa kaka yake. Jioni akaniita. Rundo la mayai meupe, yamegandana, na Malkia mzima wa afya. Mke wangu alikuwa anamwita “mwanangu.”

Jumapili, 10 Machi
Mayai hayageuzwi wala hayaguswi, na ufunguo wa chumba anao mke wangu. Shemeji nimemwambia mbinu zangu zimezaa matunda. Jirani naye ana paka mwenye mimba. Nimemtoa hofu. Nimemwahidi nitakaa na paka huyo uso kwa uso mpaka azae, tena na tochi.