Koti la Muuguzi wa Mkolani

Jumatatu, 3 Machi 2025
Kuanzia leo Mkolani ina muuguzi. Mimi, Luhaga. Semina ya kutunza wazee pale parokiani nimemaliza, mashine ya kupimia presha ninayo, na koti jeupe nimelipata mitumbani Mkuyuni. Mama ana presha na sukari. Dada yangu Dorotea ametishia: akija Jumamosi akakuta presha bado iko juu, anamhamishia kwake Misungwi. Anajua nini huyo? Hana hata koti.

Jirani yetu Mzee Shigela kaniona getini na koti langu, kauliza kama buchani kwangu maini yamebaki. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi
Nimempima Mama. Juu. Lakini dawa kanywa mbele yangu, chumvi nimeificha, ugali namkatia kidogo kwa sato wa kuchemsha na mchicha. Nikafunga vifungo vyote vya koti, nikakunja uso kama daktari bingwa, nikapima tena. Juu zaidi. Nikashuku mashine, nikajipima mwenyewe. Mimi mzima kabisa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeongeza ukali. Koti limepigwa pasi. Mama kasema akiliona tu anakumbuka wodi alikofia Baba. Nimemjibu kwamba hayo ni majonzi, mimi nashughulikia presha. Imepanda. Usingizi sipati. Mama akienda Misungwi, nani ataniuliza kama nimekula? Nyumba hii bila yeye siiwezi.

Jumamosi, 8 Machi
Dorotea kafika. Kakaa na Mama uani wakichambua dagaa na kumsengenya shangazi. Baadaye wametulia, Dorotea kampima Mama, yeye kajifunga kanga tu kiunoni. Presha safi! Nikaingia na koti langu kushuhudia, akarudia kupima. Ikapaa. Dorotea kanitazama mimi, kalitazama koti, kacheka mpaka ungo wa dagaa umemwagika. Kaamua Mama anabaki, koti ndilo liondoke. Mama kalichukua bila kuniuliza. Sasa anashikia sufuria za moto.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari wakati wa misa. Mama kabaki kwangu, kwa hiyo nimeshinda. Tena presha yenyewe hushtuka ikiniona, heshima ambayo Dorotea hajawahi kuipata kwa mtu yeyote. Kosa lilikuwa rangi tu. Kesho narudi Mkuyuni kutafuta koti la kijani, kama yale ya chumba cha upasuaji.