Nataka Kutaniwa Kabla Sijafa

Jumatatu, 4 Juni 1973

Padre amechoka na maungamo yangu. Amesema kwa upole kwamba kila nikipiga magoti naungama dhambi za watu wengine. Niende nyumbani niandike zangu tu, kila siku, mpaka nitakapoitwa. Haitachukua muda mrefu. Daktari amesema moyo wangu ni utambi uliobakiza kijiko kimoja cha mafuta.

Basi naandika. Cleophace Rwegasira, miaka sabini na miwili, mgane, mwalimu mkuu mstaafu, sasa msimamizi wa hoteli ya ushirika karibu na gati, hapa Mwanza.

Dhambi ya kwanza: wivu. Namwonea wivu mpishi mkuu, Mwanaharusi.

Leo feri ya kutoka Sengerema ilishusha abiria sitini kwa mpigo, wote wana njaa. Nilichungulia kwenye dirisha la kupitishia sahani. Ajabu! Mwanaharusi hakutoa amri hata moja. Aliinua kidevu, Malimi akageuza ugali. Alikohoa, Mhoja akaopoa sato kwenye mafuta. Alinyoosha mkono bila kutazama, na Shaibu alikuwa ameshauweka upawa pale mkono utakapofika. Watu wanne, mwili mmoja. Nimefundisha miaka thelathini na minane, sijapata kuona darasa la namna hiyo. Nilisahau kupumua, jambo ambalo daktari amelikataza.

Na huku wanatukanana! Baba yake Shaibu ni Mzaramo, Malimi ni Msukuma, kwa hiyo ni watani tangu enzi za mababu. Shaibu alisema Malimi anasonga ugali kama mtu anayefukia maiti. Malimi akajibu kwamba andazi la Shaibu likitupwa ziwani, samaki watahama. Hata Mwanaharusi wanamwita Bibi Serikali, naye anacheka.

Nilipoingia, wakanyamaza. Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Mzee. Mafuta peke yake ndiyo yaliendelea kuongea.

Jumamosi kuna mkutano wa wafanyakazi. Siku hizi wakiona kiongozi ana kiburi, wanaruhusiwa kumkataa. Wakinikataa mimi, nitarudi chumbani kwangu nikafe nikitazama ukuta. Watoto wako mbali. Jikoni ndiko mahali pekee ambapo mtu huniuliza nimeamkaje.

Nina siku tano za kuwafanya wanipende. Nimechora mpango.

Jumanne, 5 Juni

Mpango wa kwanza: fomu. Siri ya Mwanaharusi ni kwamba anawajua watu wake. Basi na mimi niwajue, tena kwa utaratibu. Maswali kumi na manne, nakala nne. Swali la sita: mke au mume yuko wapi kwa sasa? Swali la kumi na mbili: una huzuni yoyote? Jibu ndiyo au hapana.

Mhoja aliuliza kama ni ya kodi. Shaibu, kwenye huzuni, aliandika: ndiyo, fomu hii. Malimi alijaza kwa mwandiko mdogo sana kwamba mke wake yuko Magu kwa wazazi wake tangu Pasaka. Mwanaharusi alirudisha yake tupu. Aliuliza kwa nini nisimuulize Malimi mwenyewe. Nikamweleza kwamba majibu ya mdomo hayaingii kwenye faili.

Alasiri nikamwona akimtuma Malimi nje kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Kisha akatoka na ungo wake, akakaa karibu naye akichambua mchele. Hakusema neno. Saa nzima! Malimi alirudi ndani akipiga mluzi.

Nimeipitia fomu yangu yote. Jambo lile halina mahali pa kuandikwa.

Jumatano, 6 Juni

Nimegundua kosa. Si kuwajua. Ni utani! Wao kwa wao wanatukanana, na kazi inakwenda kama maji. Mimi hakuna anayenitukana.

Nikabandika tangazo juu ya ndoo ya maji: "Kuanzia leo, wafanyakazi wa jiko wanaruhusiwa kumtania Msimamizi, saa nne hadi saa nne na nusu asubuhi. Matusi yawe ya adabu."

Saa nne kamili nikasimama katikati ya jiko. Nikasubiri. Mhoja alipara samaki yule yule mpaka nikamwonea huruma samaki. Saa nne na robo nikamtazama Shaibu kwa kumtia moyo. Jasho likamtoka. Akasema shati langu limepigwa pasi vizuri. Kisha, baada ya kufikiri sana, akaongeza: mno.

Nimeliandika. Ni mwanzo.

Alhamisi, 7 Juni

Padre, hii ndiyo dhambi yenyewe.

Niliona kwamba mtani hasubiri, huanza. Mimi Mhaya, Malimi Msukuma. Kama mababu hawakutuwekea utani, nitauweka mimi. Nikahitaji tusi lenye ukweli ndani yake. Nikafungua faili.

Saa tano na nusu, mbele ya wote, nikamwambia Malimi kwamba mke wake amekimbilia Magu kwa sababu ugali wake ni mgumu kuliko kichwa chake. Nikacheka mwenyewe, kuwaonyesha mahali pa kucheka.

Malimi alilaza mwiko juu ya sufuria, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akafungua aproni, akaikunja, akatoka.

Nilimwambia Mwanaharusi kwamba kijana hana uwezo wa kupokea mzaha. Nusu saa baadaye feri ikafika. Mwanaharusi akashika mwiko yeye, kwenye sufuria ile inayomshinda mwanamume. Mhoja akasogea pale pa Mwanaharusi, Shaibu akachukua na kazi ya Mhoja ya kukaanga samaki, juu ya kazi yake ya chai na maandazi. Hakuna aliyeambiwa. Pengo lilijifunga kama maji yanavyojifunga nyuma ya mtumbwi. Nilisimama nimeduwaa. Nilijaribu kusaidia, nikammwagia mchuzi dereva wa lori la pamba.

Ni abiria pekee walioongea leo.

Ijumaa, 8 Juni

Malimi hakuja. Mwanaharusi alivua aproni baada ya chakula cha mchana, akaniambia twende kwa Malimi. Malimi anakaa Mkuyuni, juu kabisa, kwenye mawe.

Nilipumzika kwenye kila jiwe. Mwanaharusi alinisubiri, akinishikia mfuko. Kwenye jiwe la tano nilimuuliza kwa nini wengine wote wana haki ya kutukana, mimi sina.

"Mzee, mtani hakutukani kwa sababu amepewa ruhusa," alisema. "Anakutukana kwa sababu siku yako ikifika, ni yeye atakayelichimba kaburi lako. Wewe ulimtukana Malimi. Je, ungemchimbia?"

Nilitazama ziwa. Kutoka kule juu ni kubwa mno, linatisha. Nikamuuliza yamebaki mawe mangapi, mimi mwenye cheti cha ualimu cha daraja la kwanza.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba radhi, kurasa tatu. Mlangoni kwa Malimi nikafungua kinywa, kifua kikanibana, miguu ikaisha. Karatasi zikaruka na upepo. Malimi akaninyanyua kama robota la pamba, akanilaza kwenye mkeka, akaenda kukoroga uji.

Mwanaharusi aliona beseni la viazi, akaketi, akaanza kumenya. Akamwambia Malimi kwamba mkaa wa wiki hii ni mbichi. Hakutaja jana hata kidogo. Kwenye kiazi cha nne Malimi akauliza nani alisonga ugali. Mwanaharusi akasema ni yeye. Malimi akauliza kama kuna aliyepona. Basi! Kumbe hivyo ndivyo mtu anavyorudishwa kazini. Kwa viazi vinne.

Nikainuka kwa kiwiko.

"Malimi, mwanangu, nilichukua huzuni yako nikaifanya mzaha. Nisamehe."

Sentensi hiyo haikuwamo kwenye hotuba. Malimi akanishikisha bakuli la uji.

"Kunywa, babu. Ukinifia humu, Wahaya wote watapanda hapa kunihutubia, na kwa Kiingereza."

Mwanaharusi alicheka mpaka kisu kikamdondoka. Mimi nilihisi joto kifuani. Huenda ni uji.

Jumamosi, 9 Juni

Mkutano. Luhaga wa stoo, mwenyekiti wa kamati, aliuliza nani anasema Msimamizi asiendelee. Nilishika kiti.

Malimi akasimama. Nikafumba macho.

"Kupika hajui," alisema. "Kuongoza hajui. Kutania ndiyo balaa. Lakini amepanda mawe ya kwetu na moyo ule mbovu. Tukimfukuza, akafie wapi? Huyu ni babu yetu. Mimi namtaka abaki."

Mikono yote ikapanda kukubaliana naye. Wa Mhoja ulikuwa na magamba ya sato, wa Mwanaharusi una unga mpaka kwenye kiwiko. Nilihesabu mara mbili kwa sababu macho yalikuwa na maji. Padre, nimeona miujiza michache katika maisha yangu. Hakuna uliokuwa na harufu ya samaki kama huu.

Jumatatu, 11 Juni

Nimeingia jikoni asubuhi. Hawakunyamaza! Malimi akaniuliza kwa nini bado nipo, maana walishapiga kura nani atarithi viatu vyangu. Shaibu akasema yeye alishinda, ila vinanuka uzee. Mhoja akasema havinuki, ni mimi. Jiko zima likaangua kicheko, nami katikati yao, nikicheka na kukohoa. Wamenitukana watatu kwa mfululizo! Nilikwenda ofisini nikakaa, nikamshukuru Mungu.

Kisha nikachukua kalamu, nikawaandikia barua ya onyo wote watatu kwa kuidharau ofisi. Mapenzi ni mapenzi, lakini faili ni faili. Nikampa Mwanaharusi awafikishie.

Aliisoma yote, aya kwa aya. Akaikunja vizuri, akainama, akawashia jiko la chai. Nimestaajabu. Mama yule ana kipaji ambacho sitakielewa mpaka niingie kaburini.

Karatasi ilikuwa nyepesi mno, iliungua mara moja. Kesho nitaandika kwenye kadibodi.